Mwamkie Mjomba Aliyenikata Vidole

Ndeshi binti yangu,

Hujambo siulizi, maana nakusikia unavyokoroma chumba cha pili kama lori la mchanga linapanda mlima. Mimi mzima, vidole nane, kama unavyonijua. Mwandiko usiucheke. Hata nilipokuwa na vidole vyangu vyote ulikuwa hivi hivi. Mwalimu wangu alisema kuku akichakura majivu anaandika vizuri kuliko mimi.

Mambo ya sabuni, sweta na kutokulala na nywele mbichi mama yako ameshayasema tangu juzi, na kesho atayasema tena mpaka mtakapofika. Mimi langu ni moja. Jioni ulipokuwa unamenya ndizi ulimwambia mama yako maneno, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango navua mabuti. Ulisema, "Mama, huyo Mjomba Zefania mimi simwamkii. Na akinisemesha vibaya, nampasua kichwa kwa nyundo yake mwenyewe, narudi nyumbani."

Mimi nikafurahi. Nakwambia kweli, nilijing'ata ulimi nisicheke. Nikasema moyoni, damu yangu hiyo, haijachakachuliwa. Halafu nikaenda kukaa kitandani, na furaha yote ikanitoka miguuni.

Kwa sababu unakwenda kuishi kwake. Ng'ambo ya mlima, nyumbani kwa mtu aliyenikata vidole, ukajifunze kujenga mitambo ya gesi ya samadi, kazi ambayo huku kote hakuna anayemzidi. Usidhani sikutafuta mwingine. Nilitafuta mpaka nikaanza kuuliza walevi. Sasa, usipomwamkia, mzee yule hatakupa hata mwiko wa kuchotea saruji, na ufundi umekwisha kabla haujaanza. Na ukimpiga, atakurudishia. Zefania harudishii kwa kiganja. Akishakurudishia, mimi nitapanda gari nije, na nikija huko, Ndeshi, atarudi mmoja.

Basi sikiliza. Habari hii umeisikia vipande vipande, na bibi yako amekulisha vile vya kunisifu tu. Mimi nakupa nzima. Nilikuwepo.

Kwanza ujue baba yako alikuwa nani. Shule niliacha darasa la tano, kwa dirisha. Mwalimu alikuwa ananichapa kwa kosa la mwenzangu. Nilipochoka nikamnyang'anya fimbo nikaivunja gotini mbele ya darasa zima, na kwa kuwa mlangoni alisimama mwalimu mkuu, ilibaki njia moja. Nikaenda mjini, Ngarenaro, kwa fundi wa kuchomelea. Yule bwana ukikosea alikurushia kitu chochote kilichokuwa karibu naye, na karibu naye kulikuwa na vyuma tu. Nikajifunza haraka. Ikaingia miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa yanauza vumbi yakajaa bidhaa, na kila mtu akataka geti la chuma, maana sasa kila mtu alikuwa na kitu cha kuibiwa. Nusu ya mageti ya Ngarenaro nimeyachomelea mimi. Nusu nyingine ni mabovu.

Ngumi ndiyo ilikuwa lugha yangu ya pili, wengine wana Kiingereza. Mteja akibisha, ngumi. Kijana mwenzangu akigusa kipande cha bomba nilichokiokota mimi, ngumi. Nilishinda mara nyingi, na hilo ndilo lililoniharibu. Mtu anayepigwa kila siku anajifunza kuongea. Mimi sikuona haja.

Nikamwoa mama yako, nikajenga hapa Kikwe, nikanunua ng'ombe wawili wa maziwa nikawafungia bandani. Wengine wawili mle bandani walikuwa wa Zefania, kaka yake mama yako. Yeye alishahamia upande wa magharibi wa Meru, ardhi tele, lakini kiangazi cha kule kikishika hata mbuzi wanatazamana. Kwetu kuna migomba. Akanipa ng'ombe wake niwalee, kama wazee walivyofanya siku zote: maziwa na samadi ni ya mlezi, ndama ni wa mwenyewe. Hakuna kuandikishana. Ng'ombe ana alama ya ukoo sikioni, mkato wa kisu, na watu wote wanaujua.

Halafu wakaja watu wa mradi. Wazungu wawili na bwana wa kwetu mmoja mwenye tai. Walituambia kinyesi cha ng'ombe kikifungiwa shimoni bila hewa kinatoa gesi, na gesi hiyo inapika na kuwasha taa. Tulicheka mpaka mzee mmoja akaangusha fimbo. Waliposema kuna ruzuku, kicheko kikakatika kama kimepigwa shoka. Mradi utoe saruji, mabomba na jiko. Wewe uchimbe shimo, ulete mawe na mchanga, ulipe mafundi. Nusu yao, nusu yako. Sharti uwe na ng'ombe wanne wanaolala ndani.

Bwana mwenye tai akasimama bandani kwetu, majirani wamejaa. "Hawa wote ni wako?"

Mtu mwenye akili angesema, wawili wangu, wawili wa shemeji, nawalea. Pengine wangekubali hata hivyo. Kinyesi hakina jina. Mimi nikajipiga kifua. "Wote wangu, bosi. Na wengine wako njiani."

Jirani mmoja akakohoa. Yule bwana akatoa koleo na hereni za plastiki za mradi, za njano, akaandika jina langu, akaanza kuwatoboa masikio. Ng'ombe mkubwa wa mjomba wako, aliitwa Namelok, alirusha mateke mpaka tukamshika watu wanne. Hereni yenye jina langu ikapita katikati ya mkato wa ukoo wao. Niliona. Nikasema moyoni, sikio tu hilo.

Wewe umezaliwa huku, huhitaji kuelezwa. Kulea ng'ombe wa mtu ni heshima. Kumwita wako mbele ya watu ni kumwiba, hata kama hajatoka bandani. Maneno yangu yalivuka mlima kabla saruji haijashika.

Nami nilikuwa nimeingia mzima mzima. Niliuza mashine yangu ya kuchomelea nikalipa mafundi wa shimo. Mama yako aliniuliza, "Baba Ndeshi, hii gesi ikikataa je?" Nikamjibu, "Nitaipiga mpaka ikubali."

Haikukataa. Iliwaka Jumapili, watu wametoka kanisani, jikoni hapatoshi. Mwali wa buluu, hauna moshi, hauna sauti. Wanawake walikuwa wanapitisha mikono juu yake kama wanabariki mtoto. Mama yako akabandika chai, wewe mgongoni kwake, unanyonya kona ya kitenge. Mimi nilikuwa nje na spana ya bomba mkononi, si kwamba kulikuwa na kitu cha kukaza, ila nilitaka kila mtu aione.

Zefania akaingia na suti yake ya kanisani, vumbi mpaka nyusi. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja bandani, akashika kichwa cha Namelok, akakigeuza, akatazama. Kisha akaniita.

"Eliasi. Njoo hapa."

"Shemeji! Karibu chai ya gesi. Nyinyi wa kule endeleeni na kuni, zamu yenu itafika."

"Nani kamtoboa huyu?"

"Mradi."

"Na mradi ndio uliomwita wako?"

Watu wakatoka jikoni. Nikapandisha sauti ili wasikie vizuri. "Samadi ni ya mlezi. Hiyo sheria hukuitunga wewe. Ng'ombe akinya kwangu, nitapikia, nitapaka ukutani, nitafanya nitakavyo!"

"Samadi ni yako, tia kwenye migomba. Wewe umeandikisha ng'ombe. Leo naondoka nao."

"Ukiwatoa, mradi unang'oa jiko."

"Basi pikia mavi yako mwenyewe, shemeji. Wewe unayo mengi, yanakutoka mpaka mdomoni."

Watu wakacheka. Ndeshi, walicheka sana. Na mimi lugha yangu unaijua.

Nilimpiga spana upande wa kichwa. Lilikuwa pigo safi, sitakudanganya, mpaka leo mkono unalikumbuka kwa raha na mimi nalionea aibu hiyo raha. Alianguka na suti yake kwenye mfereji unaopeleka kinyesi shimoni. Nikafikiri amekufa. Aliinuka ananuka, damu inamchuruzika shingoni, na hakuja kwangu. Alikwenda kwa Namelok, akaishika ile hereni kwa mkono mzima, akaivuta. Ilitoka na nyama.

Yule ng'ombe alilia sauti ambayo sijaisikia tena. Akakata kamba, akapita kando ya ukuta ambapo bomba la gesi lilikuwa linaelekea jikoni, akalizoa kwa pembe na kuondoka nalo. Mimi nilikuwa namtazama ng'ombe. Zefania akaokota panga letu la kukatia migomba. Nilinyanyua mkono kujikinga, basi. Vidole viwili vilidondoka juu ya majani, na nikavitazama nikijiuliza ni vya nani.

Hapo ndipo jiko lilipolipuka. Bomba lilikuwa limechomoka ukutani, gesi imejaa, na mwali bado unawaka. Dirisha lilitoka na fremu yake. Mabati yalinyanyuka yakarudi. Mama yako akatoka mbio, wewe mgongoni, kitenge kinawaka moto juu ya bega lako.

Na hiki ndicho kipande ambacho bibi yako hukiruka. Aliyewafikia kwanza alikuwa Zefania. Alitupa panga, akachota tope la kinyesi kwa mikono miwili, akawapaka, wewe na mama yako, shingo, mgongo, kichwa, anapiga ule moto kwa viganja huku damu niliyomtoa mimi inadondokea usoni mwako. Mpaka ukazimika. Viganja vyake utaviona, ngozi imekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa. Mimi wakati huo nilikuwa bado natafuta vidole vyangu kwenye majani.

Ungedhani hapo nilijifunza. Mtoto wewe, humjui baba yako.

Mkono ulipofunga kidonda, wazee walimleta Zefania na kondoo dume na jani la isale. Unajua uzito wake: mtu akikuletea isale mlangoni ameinama mpaka chini kuomba msamaha, na asiyelipokea amejitoa kwa watu. Zefania alisema, wazee wakisikia, kwamba atawaacha ng'ombe wake wote bandani kwangu, mtambo utengenezwe, gesi iwake, dada yake asirudi kwenye moshi. Kisha akaninyooshea jani.

Nikalipokea. Wazee wakashusha pumzi. Nikatembea nalo mpaka kwenye tundu la kuingizia samadi, nikalitumbukiza, nikakoroga kwa mti.

"Haya," nikasema, "litoe gesi na lenyewe."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Mzee mmoja aliniambia, "Eliasi, umetia isale mavini." Wakaondoka na kondoo wao. Zefania akawafungua ng'ombe wake, Namelok akiwa mbele na sikio lake lililochanika, akawaswaga kuelekea mlimani bila kugeuka. Mradi ulipokuja ukakuta jiko jeusi na ng'ombe wawili, ukang'oa mabomba yake. Mvua zilizofuata kuba la shimo likapasuka. Wazee wakasema ni isale. Mimi nilisema ni saruji mbovu. Siku hizi sisemi kitu.

Unajua alichokifanya mjomba wako? Alikwenda kuomba kibarua kwenye mradi ule ule. Kwa hasira tu. Alitaka kukijua kitu kilichomtoboa ng'ombe wake. Akabeba mawe, akachanganya saruji, akajifunza kufunga kuba la matofali bila mbao za kushikilia. Fedha za wafadhili zilipokauka, wazungu na bwana mwenye tai wakaondoka, ruzuku ikafa, na watu wakabaki na mashimo yaliyopasuka. Yeye akabaki anayafufua, moja baada ya jingine, kuuzunguka mlima wote.

Ruzuku, mwanangu, nimekuja kuielewa baadaye sana, ni ng'ombe wa kulea. Kunywa maziwa, tumia samadi, shukuru. Lakini usijipige kifua ukasema ni wako, maana mwenye nusu yake atakuja siku moja, na atakukuta umeshauza mashine yako. Mimi nilipewa ng'ombe wa watu wawili kwa wakati mmoja, wa shemeji na wa wazungu, na wote nikawaita wangu.

Shimo letu likalala limekufa. Mama yako akarudi kwenye kuni ndani ya jiko lile lililoungua, anakohoa. Mimi, kiboko cha mageti, nikawa kibarua Ngarenaro wa kushikilia vyuma wenzangu wachomelee. Vidole vya kushika koleo la umeme sina tena. Kila fundi wa shimo niliyemleta alichungulia, akaguna, akasema, "Hii ni kazi ya Zefania." Nikajibu, "Heri nizitafune kuni mbichi." Nikazitafuna, miaka mingi, ila moshi alikuwa anaumeza mama yako.

Mwaka huu, kama unakumbuka, nilirudi nikakuta mwali wa buluu jikoni. Mama yako alikwenda kwa kaka yake mwenyewe bila kuniaga. Mjomba wako akaja mimi nikiwa mjini, akaziba kuba, akaunga mabomba, akakataa chai, akaondoka. Wewe ulikuwa shuleni. Nilipoelewa ni mkono wa nani, nilichukua nyundo kubwa, ile ya kuvunjia mawe, nikaenda shimoni nilivunje lote.

Mama yako akanitangulia. Akasimama juu ya kuba, pekupeku, mwiko wa ugali mkononi.

"Piga," akasema. "Lakini anzia kwangu, ndiyo ufike kwenye saruji."

Nyundo ilikuwa juu, Ndeshi. Nataka uelewe haikushuka upesi. Nilimtazama mke wangu, shingo yake yenye ule mkunjo wa moto, na mikono yangu ikawa bado inapima. Kitu kilichoniogopesha kuliko vyote maishani mwangu ni kile: kwamba nilisimama pale, na ndani yangu kulikuwa na mtu anapima. Niliishusha pembeni. Nikakaa chini. Ulipotoka shuleni ukanikuta nimekaa na nyundo, ukauliza kama leo tunachinja.

Usiku ule ndipo mama yako aliponipa maneno ya Zefania. Alisema, "Mwambie Eliasi ile mikono yake nimeiharibu. Anipe iliyobaki." Iliyobaki ni yako. Unayo mikono yangu, hilo hata adui ameliona. Nimekuona unavyokaza nati, unavyogonga msumari bila kuupinda. Na nimekuona ulivyomng'oa jino yule mvulana wa jirani kwa sababu alikuita fundi dume. Nilikupigia makofi siku ile. Nilikosea. Ilikuwa ngumi nzuri, lakini nilikosea.

Kesho sitakusindikiza. Mama yako atakufikisha. Watu watasema Eliasi anaona haya, waache waseme. Ukweli ni kwamba huu mkono wenye vidole vitatu unajikunja wenyewe nikisikia jina lake. Tazama hapo juu nilipoliandika mara ya kwanza, kalamu imetoboa karatasi. Nimejaribu kumwamkia peke yangu, huko shambani, naiambia migomba. "Shika..." Haifiki mwisho. Inageuka tusi njiani. Kwa hiyo sikutumi kwa sababu nimemsamehe. Nakuomba ufanye jambo ambalo mimi, niliyeshinda Ngarenaro nzima, limenishinda.

Si lazima umpende. Akikufokea, fokewa. Akikurushia mwiko, uokote, umrudishie mkononi. Ujifunze hilo kuba mpaka ulifunge umefumba macho, halafu ukitaka kumchukia umchukie ukiwa fundi.

Na hili hakuna aliyekwambia, kwa hiyo lishike. Ukifika usisimame upande wake wa kushoto. Sikio lile halisikii kitu, nililiua mimi na spana. Utamwamkia hatajibu, utadhani amekudharau, naye atadhani umemnyamazia makusudi, na mambo yataanza upya. Zunguka. Simama kulia kwake, karibu, upaze sauti.

Baba yako,
Eliasi